Penye Miti Pawe na Wajenzi

Mwezi huu safu yetu ya nyumbani inajibu barua moja tu. Ni ndefu, na ndani yake mna mambo matatu yaliyofungamana. Ukiligusa moja, mengine mawili yanatikisika. Barua imetoka kwa mama mmoja anayeishi kijijini, mlimani upande wa Moshi. Jina lake tutaliacha kama alivyoomba.

Mama huyu anaeleza kwamba mumewe alistaafu kazi jijini Dar es Salaam, wakarudi kuishi kwenye kihamba cha familia. Wanaye mama mkwe mzee, na wajukuu wawili wanaosoma shule ya msingi. Mbele ya nyumba, upande wa chumba cha wajukuu, upo mgrevilea mkubwa ambao mama mkwe aliupanda kwa mkono wake alipokuwa bibi harusi mgeni pale nyumbani. Mpaka leo huketi chini yake mchana kuchambua maharage. Miaka miwili iliyopita walichimba mtaro wa kupitisha bomba la maji kama hatua mbili kutoka shinani, na mizizi kadhaa minene ikakatwa. Tangu hapo mti umeanza kuegemea nyumba. Mama anataka ukatwe kabla ya masika. Mume hataki hata kusikia, kwa sababu ni mti wa mama yake.

Jambo la tatu ni gitaa. Yule mzee alipokuwa kijana alipiga gitaa la galoni, lile la kopo la mafuta na nyuzi zilizochambuliwa kutoka waya wa breki ya baiskeli. Baada ya kustaafu ameamua kutengeneza gitaa la kweli. Meza ya chakula imejaa patasi na msasa, sebule imejaa vumbi, na fedha kidogo kidogo za mafao zinakwenda kwenye mbao. Mama anaandika kwa uwazi kwamba siku maharage yakichelewa kuiva, huziangalia zile mbao kwa jicho la kuni. Kisha anauliza, "Nianze na lipi?"

Dada yangu, anza na mti. Gitaa linaweza kusubiri mwaka mzima, lakini masika hayasubiri mtu.

Mti unaokutisha na mti wa hatari

Si kila mti ulioinama ni wa kuogopwa. Kuna mti uliokua umeinama tangu mdogo kwa kutafuta mwanga. Shina lake limepinda taratibu, na sehemu ya juu imejirudi kuelekea angani. Mti wa namna hiyo umejijenga kwa mizizi yenye nguvu kwa ajili ya ule mwinamo wake. Mti wa kuogopwa ni ule uliokuwa wima jana, na leo umelala upande mmoja kama mtu anayesinzia kanisani. Zunguka shina uangalie mambo haya:

1. Udongo wa upande ulio kinyume na mwinamo. Ukiona umepasuka au umeinuka kama kifuniko cha chungu kinachosukumwa na mvuke, mizizi inang'oka.

2. Uyoga unaoota shinani au juu ya mizizi. Mara nyingi ni dalili kwamba ndani mna kuoza, hata kama majani yangali ya kijani.

3. Sauti ya shina. Gonga kwa nyundo au kisogo cha shoka kuzunguka shina lote. Penye uzima sauti huwa nzito, na penye uwazi hulia kama ngoma.

4. Matawi makavu kileleni, na panda ambapo matawi mawili manene yamebanana kama herufi V yakiwa na ufa katikati.

5. Mizizi iliyokatwa. Hili ndilo lililonifanya nisiifungie barua yako mezani.

Watu wengi hudhani mti una mzizi mmoja mrefu ulioingia chini kabisa kama mhogo. Sivyo. Sehemu kubwa ya mizizi ya miti mingi imetandaa karibu na uso wa ardhi, na ile minene iliyo karibu na shina ndiyo nanga yake. Wataalamu wa miti huonya kwamba kukata mizizi ndani ya umbali wa mara 3 ya unene wa shina kunaweza kuuondolea mti nanga hiyo. Shina lenye unene wa sentimita 50 lisichimbiwe ndani ya mita 1.5. Hatua mbili ulizozitaja ni kama umbali huohuo, na unasema mtaro ulipita upande wa mbali na nyumba. Maana yake kamba zilizokuwa zikiuvuta mti usiangukie nyumba ndizo zilizokatwa. Ongeza mvua za Machi hadi Mei zinazolainisha udongo, ongeza upepo kwenye majani mazito yaliyoloa, uone mzigo unaobaki juu ya nanga ya upande mmoja. Mgrevilea nao una sifa nyingine, kwamba matawi yake huvunjika kwa urahisi upepo ukizidi.

Upo pia usemi wa "mbona umesimama miaka miwili yote." Mzizi uliojeruhiwa huanza kuoza taratibu. Mti uliostahimili masika ya kwanza hauna deni la kustahimili ya tatu.

Ili kujua kama mti unaifikia nyumba, huhitaji kupanda. Chukua kijiti chenye urefu sawa na kutoka jicho lako hadi ngumi yako ukiwa umenyoosha mkono. Kishike wima, mkono umenyooka, kisha rudi nyuma huku ukitazama mti mpaka kijiti kilingane nao, ncha ya chini kwenye shina na ncha ya juu kwenye kilele. Umbali kutoka ulipo mpaka kwenye shina ndio urefu wa mti. Wafanye wajukuu wenyewe, watalifurahia hesabu hilo. Kisha pimeni kutoka shinani hadi ukuta wa chumba chao. Mti ukiwa mrefu kuliko umbali huo, na dalili ni hizo ulizoniandikia, shauri langu ni moja. Wahamishe wajukuu walale upande mwingine wa nyumba usiku wa leo, hata kabla ya kukubaliana juu ya kukata. Kuhamisha vitanda hakumvunjii mtu heshima.

Namna ya kulisema

Hapa ndipo wengi wetu huharibu. Tunajua tuko sahihi, basi tunasema kama mtu mwenye hati ya mahakama. Mumeo hakatai kwa sababu hajui habari za mizizi. Anakataa kwa sababu anaona ataonekana mtoto aliyekata mti wa mamaye angali hai.

Kwa hiyo mwenye neno la kwanza ni mama mkwe. Usiende kumwomba ruhusa kwa kisogo cha mumeo, maana hapo utakuwa umewagombanisha. Mwambie mumeo, "Baba, tumwite mama atutazamie huu udongo ulioinuka, yeye anaujua mti wake kuliko sisi." Kisha mpeni kiti, mwoneshe ule ufa, nyamaza. Mwanamke aliyelima kahawa maisha yake yote amekwisha kukata miti mingi, na anajua mti unaolala. Huenda akawatangulia wote wawili kusema neno lenyewe. Na kama atasikitika, mwacheni asikitike. Mti uliompa kivuli tangu ujana wake una haki ya kuagwa.

Usianze mazungumzo hayo siku ambayo vumbi la randa limeingia kwenye mchuzi. Siku hiyo utajikuta unasema habari za gitaa, na mti utasahauliwa.

Kukata bila kuumizana

Mkikubaliana, yafuateni haya. Kwanza nendeni ofisi ya kijiji na kwa afisa misitu mpate kibali. Kuwa mti uko uani kwako hakukuondolei wajibu huo. Pili, kama waya wa umeme unapita karibu, shirika la umeme lijulishwe kabla mtu hajapanda. Tatu, msimpe kazi kijana yeyote mwenye panga na ujasiri. Mti unaoegemea nyumba haukatwi shinani ukaachwa udondoke. Hushushwa vipande vipande kuanzia juu, kila tawi likiwa limefungwa kamba, na fundi mwenye uzoefu wa chenso ndiye afanye. Siku yenyewe pasiwe na upepo, nyumba isiwe na mtu, na watoto wakae mbali, si karibu kuliko mara mbili ya urefu wa mti. Kuku na mbuzi nao wafungwe.

Unga wa mgrevilea huwasha ngozi za watu wengine. Anayeshika magogo avae mikono mirefu, na nguo zake zisifuliwe pamoja na za watoto.

Kuhusu mabaki, kila kitu kina mahali pake. Majani ni matandiko mazuri ya ng'ombe na hatimaye mbolea. Matawi ni kuni zako, dada yangu, za miezi mingi, na ninakusihi uzipange vizuri ili usiwe na sababu ya kuitazama sebule. Lakini shina usiruhusu lipasuliwe kuni. Hapo ndipo mti wa mama na gitaa la baba vinapokutana.

Shina la uani laweza kuwa gitaa

Mgrevilea asili yake ni mashariki mwa Australia. Uliletwa huku uwe kivuli cha kahawa na chai, nasi tukauzoea hata tukadhani ni wetu. Kwao Australia mbao zake hutumika kwa samani, na mafundi wa magitaa huzitumia kwa mgongo na mbavu za gitaa. Ukipasuliwa vizuri, kuanzia katikati kwenda nje kama unavyokata keki ya mviringo, ubao wake huonesha madoa yanayong'aa kama hariri.

Labda mumeo atasema gitaa zuri ni la mbao za bei kubwa. Msimulie habari za fundi Antonio de Torres wa Hispania, aliyeishi kati ya 1817 na 1892. Yeye ndiye aliyelipa gitaa tulijualo leo umbo na vipimo vyake. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi zilizogandishwa kwa gundi, ila uso wake ulikuwa wa mbao nzuri. Alitaka kuonesha kwamba sauti ya gitaa hutoka zaidi usoni, pale penye tundu, kuliko mgongoni. Gitaa hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona.

Funzo lake kwa mfuko wenu ni kubwa. Mgongo na mbavu vitoke uani bure. Fedha iliyopo iende kwenye vitu vitatu: ubao wa uso, vikazio vya nyuzi, na nyuzi zenyewe. Uso hutaka mbao nyepesi lakini ngumu, yenye nyuzinyuzi zilizonyooka bila vifundo. Huko Ulaya na Marekani hutumia miti ya jamii ya misonobari inayokua taratibu kwenye baridi. Kwa gitaa la kwanza la kujifunzia, mzee anaweza kuchagua ubao wa paini au wa saiprasi uliokauka miaka mingi, hata ule wa samani kuukuu, akautelezesha kwa randa mpaka milimita 3 hivi. Shingo huhitaji mbao tulivu isiyopinda, na mkangazi hutumika sana kwa kazi hiyo.

Ubao wa vidole, ule unaobandikwa juu ya shingo, hutaka mbao ngumu kabisa. Hapa mpingo wetu hauna mpinzani. Ni mzito kiasi kwamba hauelei majini, na ndio unaotengenezewa klarineti na zumari duniani. Lakini huchukua miaka kama 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa. Tangu 2017 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa kwa mkataba unaolinda viumbe walio hatarini. Kinachohitajika kwa gitaa moja ni kipande cha sentimita 50 kwa 7, unene usiofika sentimita moja. Anunue kwa muuzaji mwenye kibali, wala asimtume mtu porini.

Subira ya mbao

Sasa sikia jambo litakaloleta amani sebuleni. Mbao mbichi haijengi gitaa. Ikikauka husinyaa, tena husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, na gitaa lililojengwa kwa mbao mbichi litapasuka au kufunguka maungio. Kwa hiyo mzee atakuwa na kazi ya uani kwanza, si ya mezani.

Mwambie akate magogo ya urefu wa mita moja, maana mbavu za gitaa hutaka ubao wa kama sentimita 80, na mgongo hutaka vipande viwili vya sentimita 50, kila kimoja upana wa sentimita 20. Siku hiyohiyo apake ncha za magogo rangi nzito au nta, kwa kuwa ncha hukauka upesi kuliko katikati na hapo ndipo nyufa huanzia. Magogo yapasuliwe mapema, mbao zipangwe mahali penye kivuli na upepo, juu ya mawe ili mchwa wasizifikie, na kati ya ubao na ubao pawekwe vijiti vya unene mmoja vilivyolingana wima. Juu paezekwe bati, pembeni paachwe wazi. Kanuni ya mafundi ni kama mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Atakayetaka kuhakikisha apime ubao mmoja kwenye mizani kila mwezi. Uzito ukiacha kushuka, maji yaliyokuwa ya kutoka yametoka.

Mwaka huo mmoja ni zawadi kwako. Ndani yake mtafute mahali pa karakana, hata kama ni kibanda cha mabati kando ya zizi. Sikutanii. Vumbi la mbao ni adui wa mapafu, na la mbao ngumu kama mninga na mpingo linajulikana kwa kuwasumbua watu wenye pumu. Anayepiga msasa afunike pua na mdomo, na sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiliwa. Vanishi na thina hushika moto haraka, na mvuke wake pia hushika moto. Visitumike kwenye nyumba yenye jiko linalowaka, visihifadhiwe kwenye chupa za soda, na vitambaa vilivyoloa mafuta ya mbao vianikwe nje vimetandazwa, kwani vikikunjwa pamoja huweza kuwaka vyenyewe. Haya ndiyo ya kudai kwa sauti. Ukidai meza ya chakula kwa sababu ya afya ya wajukuu utasikilizwa, kuliko ukiidai kwa sababu gitaa ni upuuzi.

Kwani ni upuuzi?

Kaa kwanza, dada yangu. Mtu aliyeamka alfajiri miaka zaidi ya thelathini kwenda kazini, siku moja anaamka hana pa kwenda. Wewe kazi zako hazikustaafu. Kuku wapo, migomba ipo, wajukuu wapo. Yeye hana. Wapo wanaume waliojaza pengo hilo kilabuni, na wake zao wangebadilishana nawe vumbi la msasa bila kuuliza swali. Sisemi uvumilie kila kitu kwa sababu yupo aliye na shida kubwa zaidi. Nasema kazi ya mikono inampa mtu sababu ya kuamka.

Tena kazi hiyo ina elimu ndani yake. Chukua mfano wa freti, vile vichuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Haviwekwi kwa kukisia. Kama urefu wa uzi kutoka kichwani hadi kwenye daraja ni milimita 650, gawanya kwa 17.817. Utapata 36.5, na hapo ndipo freti ya kwanza. Toa 36.5 kwenye 650, zibaki 613.5, gawanya tena kwa 17.817, upate 34.4 kutoka freti ya kwanza hadi ya pili. Endelea hivyo. Ukifika freti ya 12 lazima uwe umefika nusu kamili, milimita 325. Usipofika, umekosea mahali. Mpe mjukuu wa darasa la sita daftari na kazi hiyo, uone kama babu hatamwita kila jioni.

Jambo jingine la kumkumbusha: nyuzi 6 za nailoni zikikazwa huvuta kwa nguvu ya kama kilo 40. Za chuma huvuta kama kilo 70, zaidi ya uzito wa mfuko wa saruji. Gitaa lililojengwa kwa nailoni lisifungwe nyuzi za chuma, kwa maana daraja litang'oka na uso utavimba. Gitaa likikamilika lisitundikwe jikoni juu ya moshi wala kuachwa juani, gundi hulegea na mbao hupasuka.

Kuhusu fedha, kaeni mara moja mfanye hesabu ya wazi. Andikeni kwenye daftari kiasi ambacho gitaa hilo halitakipita kwa mwaka. Muhimu zaidi, andikeni kwanza gharama ya kukata mti, maana hiyo haina mbadala. Ada za wajukuu, dawa za bibi na chakula cha ng'ombe zitangulie. Kinachobaki kigawanywe, na sehemu yako iwepo. Kama yeye ana gitaa, nawe uwe na lako, iwe ni cherehani, bustani ya maua au nauli ya kwenda kumtembelea dada yako. Mke asiye na lolote lake huona wivu hata kwa kipande cha ubao.

Miti inayobaki

Mti mmoja ukiondoka msiichukie mingine. Itunzeni isije ikafikia hali hiyo.

Tawi nene lisikatwe kwa mkato mmoja, litachana gome hadi shinani. Kata kwanza upande wa chini, kama shibri moja kutoka shinani, uingie theluthi moja ya unene. Kisha kata kutoka juu mbele kidogo ya mkato wa kwanza, tawi litadondoka bila kuchana. Mwisho ondoa kisiki kilichobaki, ukiacha ule uvimbe ulio kwenye maungio ya tawi na shina. Uvimbe huo ndio unaofunga jeraha, basi usiukwangue, wala usiache kisiki kirefu kama kigingi cha kutundikia ndoo. Jeraha usilipake rangi, oili chafu wala matope. Mti hujifunga wenyewe.

Mwembe upunguziwe matawi baada ya mavuno. Mparachichi usipandwe mahali panapotuama maji, kwa kuwa ugonjwa wa kuoza mizizi huupenda udongo uliolowa. Matandazo ya majani ni mazuri, ila yaache nafasi ya shibri moja kutoka shinani. Usirundike udongo wala kifusi kwenye shina. Waya wa kuanikia nguo usizungushwe kwenye mti, kwa sababu mti ukinenepa waya huubana koo. Na mtaro wa bomba lijalo upite mbali.

Badala ya mgrevilea, mpandeni mama kivuli kipya. Achague yeye mti na mahali, mradi pawe mita 10 au zaidi kutoka nyumbani, mbali na tangi la maji na waya za umeme. Achimbe mjukuu, ashike mche bibi. Yeye hataketi chini ya kivuli chake kikikamilika, na analijua hilo. Alijua pia alipopanda kahawa ambayo wengine wameivuna. Hadi mti huo ukue, mjengeeni kibaraza kidogo chenye bati au makuti, maana maharage hayawezi kuchambuliwa juani miaka kumi.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Kwenu miti ipo, na mjenzi amepatikana ukubwani, na msasa wake na vumbi lake. Lililobaki ni kupanga nani afanye nini kwanza. Vitanda vihamishwe leo. Mama mkwe aoneshwe ufa wiki hii. Kibali kitafutwe kabla Februari haijaisha. Mbao zikiwa zimelala chini ya bati, mtakuwa na mwaka mzima wa kubishana kuhusu karakana, na hayo ni mabishano ambayo nyumba haiangushwi nayo.

Tuandikie tena masika yakipita, utujulishe wajukuu wanalala wapi. Ninyi wengine wenye waume waliorudi nyumbani na kazi za mikono, iwe nyuki, vinyago au redio mbovu, tuandikieni namna mlivyogawana nafasi na fedha. Tutayachapa yatakayowafaa wenzenu. Hadi mwezi ujao, mbaki salama.